Njia Panda Iliyorithi Jina

Haya ni ya kweli tupu. Hayana chumvi hata ile ya kukolezea yai la kuchemsha, na mwenye shaka hana haja ya kubishana na mtu: asubiri mwaka wenyewe ufike, apande basi mpaka Makambako, aulize jiji la Mtambazi liko wapi. Ataonyeshwa. Akirudi kesho yake aulize upya, maana litakuwa limesogea.

Jumamosi moja Mtambazi lilikuwa linajikusanya kwa ajili ya arusi. Watu wa huko hawakuwa na nyumba za kuota mahali pamoja kama jino. Kila familia ilikuwa na chumba tembezi, na chumba kilikuwa na magurudumu ya sumaku, na chini ya magurudumu palikuwa na reli iliyovuka mabonde juu ya nguzo ndefu kuliko mikaratusi. Ukiwa na shughuli huna haja ya kukodi ukumbi. Unapeleka ombi, na vyumba vya ndugu zako vinang'oka kila kimoja kilipo, vinakuja kwa mstari, vinashikana ubavu kwa ubavu. Kuta za katikati zinajikunja kwenda juu kama mkeka, na hapo hapo mmepata ukumbi mmoja wenye majiko yasiyo na idadi. Shughuli ikiisha kila chumba kinarudi kwake na sufuria zake, ingawa sufuria za Mtambazi zilikuwa na tabia ya kurudi na watu wengine.

Kwa mgonjwa mahututi ilikuwa vivyo hivyo, ila bila ngoma. Vyumba vya watoto na wajukuu vilikwenda kukizunguka chumba cha mgonjwa, na huo uliitwa mkusanyo wa faraja.

Injinia Vitus Kikoti, Mhehe wa Kilolo, alikuwa miongoni mwa waalikwa wa arusi ile. Chumba alichokaa kilikuwa bado njiani, kikisubiri kuvuka bonde pamoja na vyumba vya upande wa bwana harusi, lakini pilau ilikuwa imeshapakuliwa, na Vitus alikuwa amekwisha kuwakusanya watu mezani. Alikuwa anawaeleza jinsi alivyowahi kukimbizwa na chumba cha mtu mpaka msituni, chumba chenyewe kikiwa na njaa.

"Chumba kina njaa, Mzee Kikoti?" aliuliza shangazi wa bwana harusi.

"Wenyewe walikuwa wamesafiri. Hakijasikia harufu ya ugali wiki nzima. Ungekuwa wewe ungetulia?"

Watu walicheka, na Vitus akajichotea nyama nyingine. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na aliijua nafasi yake katika jiji lile. Programu nyingi za Msimamizi, ule mtambo-ubongo uliokuwa ukiongoza vyumba vyote, zilitoka mikononi mwake.

Aliziandika kwa mtindo ambao mafundi waliuita hesabu safi. Katika mtindo huo kila kanuni inapewa kitu na inatoa kitu, basi. Haichafui chochote pembeni. Iulize swali lile lile mara elfu, itakupa jibu lile lile. Kwa sababu hiyo kanuni nyingi zinaweza kufanya kazi kwa pamoja bila kukanyagana. Taabu ilikuwa reli. Reli si hesabu. Misafara miwili haiwezi kupita njia panda moja kwa wakati mmoja, hata hesabu iwe imefuliwa na kupigwa pasi.

Ndiyo maana kila njia panda ilikuwa na kisanduku chake ndani ya Msimamizi, na ndani ya kisanduku kibali kimoja tu. Kanuni inayotaka kupitisha vyumba inachukua kibali na kukiacha kisanduku kitupu. Nyingine ikija, ikakuta kitupu, inasimama kungoja mpaka ya kwanza irudishe. Msafara ukihitaji njia panda mbili, kanuni yake inachukua vibali viwili, na hapo ndipo palipokuwa na shimo. Wewe umeshika cha huku, unangoja cha kule. Mwenzio ameshika cha kule, anangoja cha huku. Hakuna aliyekosea adabu, hakuna kilichovunjika, na hakuna atakayesogea mpaka siku ya kiama. Huo waliuita mkwamo wa duara.

Dawa ya mkwamo wa duara aliileta Vitus, akaipa jina la Mkubwa Kwanza. Visanduku vyote vilipangwa kwa umri. Anayehitaji viwili aanze na cha njia panda kubwa kwa umri, ndipo aende kwa ndogo, kama mtu aingiapo nyumba yenye wazee, anayeanza kumwamkia babu kabla ya baba. Wote wakienda kwa mpangilio mmoja, duara halipati pa kufungia. Atakayemwahi mkubwa ndiye atakayepita. Wengine watasimama nyuma yake bila kumziba. Vitus alilithibitisha jambo hilo ubaoni mbele ya baraza la jiji, mstari kwa mstari, akapigiwa makofi. Tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyevumbua maji.

Simu ilimkuta na mfupa mkononi. Alikuwa Yusta Mgaya, mwangalizi wa zamu.

"Shikamoo, Mzee Kikoti. Samahani kukukatiza kula."

"Marahaba. Hukatizi, masikio hayatafuni."

"Arusi imesimama."

"Naona. Mimi nimo ndani yake."

"Na ng'ambo ya bonde kuna mkusanyo wa faraja, nao umesimama. Taa zote kijani. Msimamizi anasema hakuna hitilafu."

"Basi hakuna hitilafu, Yusta. Mmoja anampisha mwenzake. Subirini."

"Tumesubiri sana, mzee. Ning'oe kibali?"

Kung'oa kibali ilikuwa njia ya mwisho. Mwangalizi anainyang'anya kanuni kibali ilichoshika, anakirudisha kisandukuni kwa nguvu, na msafara wake unarudi kinyumenyume kituoni. Haikuwa na madhara. Ila kila mara ilipofanyika baraza lilijulishwa kwamba kanuni ya injinia fulani imeshindwa, na kanuni za Vitus hazikuwahi kung'olewa kibali tangu Mtambazi lianze kutambaa.

"Usiguse," alisema. "Mfumo utajifungua wenyewe. Haiwezekani ukwame, nilikwisha kuonyesha ubaoni."

Akarudi kwenye hadithi yake. Akakipandisha chumba chenye njaa mlimani, akakishusha. Lakini msafara haukusogea, na watoto wakaanza kulia kwa kuchoka, na bibi harusi ng'ambo akawa anatuma ujumbe wa kuuliza kama bwana amebadili mawazo. Vitus akainuka mwenyewe akampigia Yusta.

"Huo mkusanyo ni wa nani?"

"Wa Bibi Gaudensia Tawete. Amepata kiharusi. Vyumba vya wanawe wengine vimefika zamani, kimebaki cha binti yake, Mwalimu Oresta. Kiko hewani katikati ya bonde. Kimeshika kibali cha Mbano, kinangoja cha Lihuvi."

"Na arusi?"

"Arusi imeshika Lihuvi, inangoja Mbano."

Hapo Vitus alijua.

Njia panda ya Lihuvi ilikuwa ya zamani. Ya Mbano ilikuwa mpya kabisa, ila jina lake halikuwa jipya. Mbano ya kwanza, iliyoitwa kwa heshima ya fundi aliyesimamisha nguzo ya kwanza ya jiji, ilikuwa njia panda kongwe kuliko zote, mpaka mlima ulipoporomoka ukaondoka nayo. Ilipojengwa nyingine ikapewa jina la marehemu. Mafundi walimwaga pombe ya ulanzi kidogo chini ya nguzo, wakapeana mikono, na Vitus mwenyewe ndiye aliyesema kwamba sasa babu amerudi. Kwao, mtoto aliyerithi jina la babu yake hakuwa mtoto tena kwa hesabu ya heshima. Mama yake mzazi alimwita baba. Wazee wenye mvi walimtania kwa shikamoo, naye akaitikia akiwa na kamasi puani.

Wenzake walipoiingiza Mbano mpya kwenye kanuni za arusi na za safari za kila siku, waliandika tarehe iliyojengwa: mdogo wa mwisho, nyuma ya Lihuvi. Kanuni ya mkusanyo wa faraja ilikuwa ya Vitus peke yake, hakuna aliyeigusa. Humo aliiandika Mbano mbele ya wote, kwenye kiti cha marehemu. Hakufikiri hata dakika. Mkono uliandika wenyewe, kwa mapenzi, na alipomaliza alitabasamu.

Kwa hiyo arusi ilianza na Lihuvi, faraja ikaanza na Mbano, na kila moja ilikuwa imemtanguliza mkubwa.

Hapo ilibaki kusema neno moja tu: ng'oa. Yusta alikuwa bado kwenye simu, anasikiliza pumzi zake.

"Nipe nafasi kidogo," Vitus alisema.

Alijitenga nyuma ya mapipa ya maji, akafungua kioo chake cha kazi, akaingia ndani ya Msimamizi kimyakimya. Alitaka kuirekebisha kanuni ile inapotembea, aishushe Mbano mahali pake bila baraza kujua. Alijua haiwezekani. Kanuni iliyokwisha kushika kibali na kusimama kungoja haisikii maagizo mapya. Iko mlangoni, imekodoa macho kwenye kisanduku kitupu. Alijua, na akaendelea kujaribu. Aliuona ubao ule, na makofi yale, na akajiambia kwamba wagonjwa wa kiharusi hukaa muda mrefu, mjomba wake alikaa miaka. Nyuma yake shangazi wa bwana harusi aliita, "Mzee Kikoti, na hicho chumba kilikula nini mwisho wake?" Watu walicheka kabla hajajibu.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama alipompigia tena Yusta.

"Ng'oa Mbano. Chumba kimoja kitarudi upesi kuliko arusi nzima."

"Ndiyo, mzee," Yusta alijibu. Kisha akaongeza taratibu, "Ila muuguzi wa Bibi Gaudensia ametoka kupiga simu sasa hivi."

*

Oresta Tawete alikuwa mwalimu wa kwaya, Mngoni, na kwa kuwa Wangoni na Wahehe ni watani, alikuwa mtani wa Vitus. Kila walipokutana alimwambia Vitus kwamba wamemfungia mbwa wao ndani, asije akamgeuza kitoweo, na Vitus alimuuliza panya waliopikwa kwao siku hiyo walikuwa wanono kiasi gani. Mengine Vitus aliyajua kama jiji zima lilivyoyajua. Oresta alimzika baba yake Mtambazi badala ya kumrudisha kijijini, upande wa Songea, na kwa ajili hiyo Bibi Gaudensia aliacha kusema naye. Mama alingoja binti aje aombe radhi. Binti alingoja aitwe. Miaka ilipita hivyo, vyumba vyao vikipishana relini na mapazia yamefungwa.

Kiharusi kilipompiga mama, kikamchukulia ulimi na upande wote wa kushoto, Oresta hakungoja tena kuitwa. Aliomba mkusanyo wa faraja, akapanda chumbani kwake, akavuka.

Chumba kilisimama juu ya bonde, karibu kiasi cha kuliona dirisha la mama yake na asilifikie. Mlango haukufunguka. Chumba kikiwa hewani mlango haufunguki hata kwa nyundo. Ndivyo vilivyojengwa, watoto wasianguke. Alingoja. Alipoona muda unakwenda alimpigia simu muuguzi, akamwomba aiweke kwenye mto, karibu na sikio la mama. Akasema yote yaliyomo moyoni. Alimaliza kwa kuomba radhi.

Akatazama dirishani. Mkono wa kulia wa mama yake ukanyanyuka, kiganja chini, vidole vikatikisika. Kisha ukaanguka. Muuguzi alikuwa ameinama anaokota blanketi, hakuona kitu.

Chumba kilipong'oka hatimaye, kikarudishwa kituoni, kikazungushwa, kikafika, kitanda kilikuwa kimeshafunikwa shuka mpaka juu.

*

Mtani haruhusiwi kukosa matanga. Vitus alikwenda. Vyumba vilikuwa vimeshikana, kuta zimekunjwa, wanawake wamekaa chini, wanaume wamejaa vibarazani, na watani wa Kihehe walikuwa wameshaanza vituko vyao: mmoja amejilaza mlangoni anadai njia ilipiwe kuku, mwingine amevaa kofia ya marehemu baba yake Oresta. Mjumbe wa baraza alikuwa amekaa pembeni na bakuli la makande.

"Injinia," mjumbe alisema, "siku ile reli ilikuwa na nini? Watu wanauliza."

Vitus hakupanga. Kinywa kilitangulia, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Nyani," alisema.

"Nyani?"

"Nao walikuwa na arusi. Dume moja lenye kitambi, limeketi juu ya njia panda, linataka mahari. Nimelisogelea kwa heshima zote, nikaliambia mzee, sisi ni wapita njia. Likanitazama toka juu mpaka chini, likaniuliza, wewe Mhehe? Nikasema ndiyo. Likawaita watoto wote likawaficha nyuma yake."

Kibaraza kizima kiliangua kicheko. Mpaka mjumbe alicheka, akapaliwa na makande, na kesho yake baraza likatangaza kwamba siku ile reli ilizuiwa na wanyama, jambo ambalo kweli hutokea. Lakini Vitus hakumtazama mjumbe. Alikuwa amemtazama Oresta, aliyekaa juu ya mkeka na khanga begani. Oresta naye alikuwa anacheka, machozi yakimtoka, anajifuta kwa pindo la khanga na kumtikisia kichwa kama mtu anayeshukuru.

Kicheko hicho hakikumtoka Vitus. Alikwenda nacho ofisini, akarudi nacho chumbani.

Aliiandika upya kanuni ya faraja, na safari hii hakuweka mkubwa wala mdogo. Kanuni mpya haikushika kibali ikangoja kingine. Ilifika, ikavitazama visanduku vyote ilivyovihitaji kwa mara moja. Vyote vikiwa na vibali, inachukua vyote, inapita. Hata kimoja kikiwa kitupu, haichukui chochote. Inarudi nyuma mikono mitupu, inakaa mpaka kisanduku kimojawapo kibadilike, ndipo inajaribu tena toka mwanzo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Angeweza kuifanya zamani, asingekuwa anaipenda mno dawa yake ya ubaoni. Aliifungia ndani ya Msimamizi bila kumwambia mtu, na hakuona nafuu.

Ndipo alipofanya kosa la pili, ambalo lilikuwa baya kuliko lile la nyani. Alimfuata Oresta kwenye chumba cha kwaya, mchana, wanakwaya wakiwa wameshaondoka. Oresta alikuwa anakusanya vitabu vya nyimbo.

"Mtani," alisema Oresta. "Umekuja kuimba? Sauti ya nne haina mtu, ila tunaogopa utatia nyani."

"Nimekuja na habari. Nimezipitia kamera za njia panda."

Oresta aliviweka vitabu chini.

"Nimemwona mama," Vitus alisema. "Nimemwona dirishani. Alikuwa anakuita, Oresta. Anakuita kabisa. Alinyanyua mikono yote miwili hivi, kama mtu anayepokea mtoto."

Kwa muda mfupi sana uso wa Oresta ulifunguka kama dirisha, na Vitus akadhani amefanya wema. Kisha dirisha likafungwa.

"Yote miwili," alisema Oresta.

Vitus akaishusha mikono yake.

"Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa umekufa. Ulikuwa umelala chini ya blanketi, hauwezi kufukuza nzi." Akavuta kiti akaketi mbele yake. "Mtani, kaa. Leo utani tumeuweka nje ya mlango. Hukuona kamera yoyote, ee?"

"Sikuona."

"Na nyani?"

"Hakukuwa na nyani."

Akamwambia. Alianza na njia panda iliyorithi jina, na mkono ulioandika wenyewe, na mpangilio uliokuwa miwili badala ya mmoja. Oresta alimsikiliza bila kumkatiza. Vitus alipofika kwenye mapipa ya maji alirudi nyuma, akaanza upya. Akasema kwamba kosa la jina lingesameheka, kila fundi hukosea. Lakini alikuwa amejua. Yusta alimngoja kwenye simu, neno lilikuwa moja, naye alijua.

"Muda gani?" Oresta aliuliza.

"Wa kutosha. Nilipojua, wewe ulikuwa hujampigia hata simu muuguzi."

Oresta alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono inayojulikana Mtambazi zima. Ikipanda, sauti sitini zinapanda, na kidole kimoja kikikunjwa, besi zote zinanyamaza.

"Mimi nasoma mikono ya watu kwa kazi," alisema. "Ule wa mama ndio nilioshindwa kuusoma."

"Nitakwenda barazani kesho. Nitasema mbele ya wote. Waninyang'anye kazi, waninyang'anye kiinua mgongo."

"Nenda. Hilo ni deni la baraza." Aliinuka. "Langu mimi ni lingine. Kesho ukitoka huko, upande chumba changu."

*

Barazani haikuchukua muda. Hakuna aliyecheka wala kumfokea. Mjumbe wa makande aliinamisha kichwa muda wote, na mwenyekiti akamwambia aweke kioo chake cha kazi mezani, akakiweka. Akatoka akiwa hana kitu mkononi, akaenda moja kwa moja kituoni.

Chumba cha Oresta kilikuwa kimefunguliwa. Ndani hapakuwa na mtu. Aliketi kwenye kiti kilichoelekezwa dirishani, mlango ukajifunga, na chumba kikaondoka. Kilipita nguzo baada ya nguzo, kikaingia juu ya bonde, kikapunguza mwendo karibu na Mbano, kikasimama. Yusta alikuwa ameombwa akisimamishe hapo hapo kiliposimama siku ile, na Yusta alipajua.

Simu ikalia.

"Umefika," ilisema sauti ya Oresta.

"Nimefika."

"Tazama mbele."

Ng'ambo kulikuwa na chumba cha Bibi Gaudensia, bado hakijahamishwa. Jua la alasiri lilikuwa limekaa juu ya kioo chake. Nyuma ya mng'ao aliona kitanda, au kitu kama kitanda, na juu yake mtu aliyekaa amejiegemeza kwenye mto.

"Niko alipokuwa mama," Oresta alisema. "Mgongo uko pale pale. Sasa tazama."

Mkono wa kulia ukanyanyuka, kiganja chini. Vidole vikatikisika.

Vitus alisogea mpaka paji la uso likagusa kioo. Watu wa kwao, na wa kwao Oresta, na wa nchi nzima anayoijua, humwita mtu kwa kiganja kilichotazama chini, vidole vikijivuta ndani. Na humfukuza kuku, mtoto msumbufu, au mtu wasiyetaka kumwona, kwa kiganja kile kile kilichotazama chini, vidole vikisukuma nje. Ukiwa karibu hakuna anayekosea. Toka hapo aliposimama palikuwa na mkono mdogo mweusi na vidole vinavyotetemeka ndani ya jua.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Unaita au unafukuza?"

Alijua neno analolitaka Oresta. Alijua pia kwamba mkono ule ulikuwa wa mwalimu wa kwaya, aliyeweza kuufanya useme chochote, na kwamba sasa hivi alikuwa ameamua unasema jambo moja, naye peke yake analijua. Jibu lilikuwa moja kati ya mawili. Alikuwa amekwisha kusema uongo mkubwa zaidi kwa ajili ya sahani ya pilau. Kinywa kilifunguka chenyewe kama siku zote, na safari hii hakikukuta kitu cha kusema.

"Sijui, dada," alisema.

"Tazama vizuri."

"Natazama. Sijui."

Ng'ambo, mkono haukushuka.

"Basi usitoke hapo," alisema Oresta. "Endelea kutazama mpaka nichoke."

Vitus akaufuta ukungu wa pumzi zake kwenye kioo kwa mkono wa shati, akatazama.